Usiniambie Umetulia

Wakesho mwanangu,

Mama yako amepiga simu kutoka Ingleburn kunijulisha kwamba Mama Furaha anayekusuka amefika nusu ya kichwa chako kisha akasimama kula. Kwa hiyo nyumba ni yangu mpaka jioni. Nimekaa mezani upande wako, maana upande wangu umejaa sufuria unazoondoka nazo kesho kwenda chuoni. Nakuandikia kwa kalamu, tena kwa Kiswahili, na najua Kiswahili unakisoma polepole. Ndivyo ninavyotaka. Kwa Kiingereza ungemaliza kabla treni haijafika Parramatta, ukasema "Aww, Baba," ukairudisha barua begini.

Mambo ya kula, kufua na kuchaji simu sitayagusa. Mama yako anayahubiri tangu Krismasi, na akiyarudia kesho kituoni mvumilie tu. Amekufichia unga wa ugali katikati ya shuka, nimemwona. Usiseme nimekuambia.

Mimi nina jambo moja, na ili nilifikie lazima nianze na kazi yangu. Unajua mimi ni nesi katika nyumba ya wazee. Umeniona nikitoka na sare, umeniona nikirudi na alama za barakoa usoni. Lakini sidhani nimewahi kukueleza jinsi zamu inavyoanza na jinsi inavyoisha. Inaanza kwa ripoti na kuisha kwa ripoti. Walio ndani wanasimama na walioingia, wanapita chumba kwa chumba, na anayeondoka anasema kwa mdomo wake: huyu amekula, huyu amekataa chai, huyu amelala vibaya, huyu amelia akimtafuta mke aliyekwisha kufa. Huruhusiwi kwenda nyumbani kabla hujasema. Nilipofundishwa kazi Kenya, kabla hatujahamia huku, matroni wetu alikuwa akigundua umeficha jambo, anakutoa hata getini, unarudi na mkoba wako begani mbele ya wenzako wote. Mimi hakunirudisha hata siku moja. Nilikuwa najivunia ripoti zangu kuliko cheti changu.

Sasa sikiliza. Pale kazini, katika chumba cha mwisho upande wa bustani, kulikuwa na mzee wa Kizungu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote. Ukutani alikuwa na picha ya dume lake lililopata zawadi kwenye maonyesho. Siku ya kwanza nilipoingia kumwosha alinitazama mikono, halafu akaniambia, "Sitaki wewe. Niletee mtu." Nikatabasamu, kama tulivyozoea. Nikamwosha hivyo hivyo, na kikombe cha chai kikaniishia kifuani. Nilipotoka kutoa ripoti, wenzangu wamesimama na msimamizi amesimama, nikasema, "Chumba cha mwisho: amekula vizuri, ametulia."

Ametulia. Nilisema hivyo siku nyingi. Kila chai iliponimwagikia, ametulia. Kila jina aliloniita, ambalo siwezi kuliandika kwenye karatasi utakayoishika wewe, ametulia. Ningeweza kukuambia nilikuwa namwonea huruma, na kweli akili yake ilikuwa imeanza kuchoka, mambo hayo nayajua. Lakini sikuficha kwa ajili yake. Nilificha kwa aibu. Niliona nikisema, nitakuwa nimekiri mbele ya watu kwamba mimi ni wa kutemewa. Nikaona afadhali nimeze, nioshe sare, maisha yaendelee.

Halafu likaja lile wimbi la ugonjwa, ukiwa wewe mwaka wa kwanza wa udaktari wa mifugo na chuo chenu kimewafungia majumbani. Nusu ya wafanyakazi wenzangu walikuwa wamejitenga kwao, na waliobaki tulikuwa tunazunguka kama vichaa. Ndipo wakatuletea Nekesa. Unamjua sasa, lakini wakati ule kwangu alikuwa msichana wa Bungoma tu, mwanafunzi wa uhasibu pale Parramatta, anayeosha wazee ili alipe karo. Mipaka ilikuwa imefungwa, kwao hawezi kwenda, darasani hakuendeki, anaishi chumba kimoja na laptop yake. Siku ya kwanza aliponisikia naongea Kiswahili na Mama Furaha, mwenzetu pale kazini, machozi yalimlengalenga. Akaanza kuniita mzazi.

Siku moja alipangiwa chumba cha mwisho. Mimi nilikuwa natoka, yeye anaingia. Nikampa ripoti nikiwa nimemtazama usoni: "Amekula, ametulia." Nikaenda kubadilisha nguo. Nikasikia kikombe kinapasuka.

Nilimkuta kwenye stoo ya mashuka, amekaa juu ya furushi, chai inamtiririka kwenye ile plastiki ya kukinga uso. Hakuwa analia. Akaniuliza, "Mzazi, ulijua?"

Nikasema, "Pole sana, mama."

"Sijakuuliza kama umesikitika. Nimekuuliza kama ulijua."

Nikamwambia nilijua.

Akavua ile plastiki, akaipangusa kwa shuka safi, jambo ambalo siku nyingine ningemgombeza. Akasema, "Chuoni nimezoea. Kule mtu anaingia tu bila kuonywa, anajionea mwenyewe. Wakinipanga kundi moja na wengine, wanapanga mkutano bila kuniambia, halafu mwalimu ananiuliza mbona sichangii. Nimezoea. Lakini hapa nilidhani niko na mzazi."

Hayo maneno nimeyabeba hadi leo, Wakesho. Tangu siku hiyo ananiita Baba Wakesho, kwa heshima zote. Mzazi hajarudia tena, na mimi siwezi kumwomba arudie.

Nikaendesha gari kuja nyumbani, helikopta ya polisi inazunguka juu yetu kama kwamba sisi wa huku magharibi mwa jiji tumeiba kitu. Mlango wako ulikuwa umefungwa. Nikagonga, nikakuuliza chuo kinaendeleaje. Ukajibu kutoka ndani, "Fine, Baba."

Nilisimama pale kwenye korido nikiwa na viatu mkononi. Kwa mara ya kwanza nililisikia hilo neno lako jinsi lilivyo. Nilikuwa nimetoka kulisema mimi mwenyewe, kazini, kwa neno jingine: ametulia.

Na nikakumbuka nani aliyekufundisha. Ulikuwa bado sekondari, ukarudi siku moja na begi umelikumbatia. Ulikuwa umeandika insha juu ya mbuzi wa bibi yako kule Voi, na mwalimu akakuuliza mbele ya darasa zima ni nani aliyekuandikia. Watoto wakacheka. Ulinieleza nikiwa nakaanga vitunguu, na mimi, bila hata kugeuka, nikakuambia, "Ulikwenda kusoma au kupendwa? Jikaze." Ukasema sawa. Ukajikaza kweli kweli. Toka siku ile sikusikia tena malalamiko, nami nikawa natamba kanisani kwamba binti yangu hana shida na mtu, yeye ni vitabu tu. Wazazi wenzangu wakaniomba siri. Siri gani, na mimi nilikuwa nimekufunga mdomo tu.

Nisamehe kwa hilo. Naliandika hapa kwa sababu nikilisema uso kwa uso utaniambia, "It's okay, Baba," kabla sijamaliza.

Jioni ile tukakaa kula, sisi watatu. Nadhani unakumbuka. Nilisimama. Mama yako akafikiri nataka kuomba, akafumba macho. Nikatoa ripoti kama kazini. Nikasema: chumba cha mwisho, mzee hakutulia, na hajatulia tangu nimjue. Nikasema alichoniita, nikasema chai, nikasema nilivyomdanganya mtoto wa watu akaingia bila kujua. Mama yako alifumbua macho, akaweka kijiko chini. Akaniuliza, "Muda wote huu unasema sare imemwagikiwa kwa bahati mbaya?" Nikasema ndiyo. Na wewe ukauliza, "Huyo dume kwenye picha alikuwaje?"

Nikakuambia mwekundu, uso mweupe.

"Hereford," ukasema, ukiitaja mbegu ya ng'ombe yule, ukarudi kwenye sahani yako.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilijua hapo hapo kwamba, lolote liwe, Mungu alikuumba kwa ajili ya ng'ombe.

Kesho yake asubuhi, kazini, niliomba kutoa ripoti upya. Nilisema yote, mbele ya msimamizi. Kabla hajanijibu, Mama Furaha akasema, "Hata mimi ananiitaka vile vile. Nilikuwa nafikiri ni mimi peke yangu." Yule kijana Mnepali naye akainua mkono. Kumbe sote tulikuwa tunapita mlango mmoja, kila mmoja na chai yake, sote tunasema ametulia. Msimamizi alikuwa mtu wa haki, nimpe sifa yake. Kuanzia siku hiyo watu wakaingia wawili wawili kwenye kile chumba, na binti wa mzee akaitwa akaelezwa. Mzee mwenyewe hakubadilika hata chembe. Alikufa akiwa vile vile. Ila hakuna tena aliyeingia peke yake bila kujua.

Nyumbani nami nikaendelea. Kila jioni ripoti. Mabaya nilisema, na mazuri pia: yule bibi aliyenifundisha kufuma, ukanicheka kwa ile skafu ambayo leo imo kwenye sanduku lako, usidhani sijaiona. Mama yako naye akaanza kutoa zake za ofisini, na Mungu wangu, kumbe nimeoa mtu mwenye mambo. Wewe ulikuwa unakula na kunyamaza. Sikukuuliza. Kukaa bila kukuuliza kulinichosha kuliko zamu mbili.

Ukatoa yako siku ya vyombo. Mimi naosha, wewe unakausha. Ulianza kwa Kiingereza, ukiwa umeitazama ile taulo. Kwamba darasani mnagawanywa kwenye vikundi kwenye skrini. Kwamba mmoja wenu, kijana wa shamba, alikuuliza kama wewe uliingia udaktari wa mifugo kwa nafasi zinazotengewa wakimbizi, wenzake wakacheka, na mwalimu aliyekuwa anasikiliza akasema haya tuendelee. Kwamba siku hiyo ulizima kamera. Baadaye ukawa unafungua somo halafu unalala kitandani ukiangalia dari, somo linajisemea lenyewe. Kwamba umeshaamua kuacha, unangoja tu namna ya kutuambia.

Nikatafuta funguo za gari. Na mikono yangu ina povu, na hatukuwa na ruhusa hata ya kutoka mtaani, na chuo chenyewe kiko huko mbali bara, nusu siku kwa treni. Mama yako akaniambia, "Keti." Nikaketi.

Nilikuwa na maneno mengi ya kukuambia. Alama zako zilizokupeleka pale ulizipata kwa jasho, nilitaka kuanza na hizo. Nilitaka kusema sisi si wakimbizi. Namshukuru Mungu sikusema, maana nilipomhadithia Mama Furaha, yeye aliyekimbia vita Bukavu na watoto mgongoni, aliniuliza polepole, "Na kama ingekuwa ya wakimbizi, ingekuwa na ubaya gani?" Nikakosa pa kuweka uso. Kilichoniuma kwanza kilikuwa kufananishwa na yeye, rafiki yangu, mtu ambaye sasa hivi anakusuka bila kutaka hata senti.

Kwa hiyo jioni ile pale kwenye sinki nilikuambia neno moja tu, "Nimesikia." Pengine ulidhani nimeishiwa. Kazini ndivyo tunavyopokea ripoti. Ukishasema nimesikia, yule mgonjwa si wa mwenzako peke yake tena. Akizidiwa, na wewe utaulizwa.

Yaliyofuata uliyafanya wewe. Mimi sifa yangu ni kwamba nilikaa kitandani kwako na sare yangu, nje ya kamera, mkono mdomoni, wakati unazungumza na yule mwalimu. Ulimweleza bila kupayuka na bila kuomba radhi. Naye akasema alikuwa amekisikia kile kicheko, na alikipita kwa sababu aliogopa kuharibu somo, na hakuna siku iliyopita bila kukifikiria. Akabadilisha namna ya kugawa vikundi, na darasa lililofuata akaongea nao wote. Yule kijana akakuandikia mistari miwili ya radhi ambayo mama yako alisema imeandikwa na mama mtu. Sawa. Hata hiyo tuipokee. Na Tess, msichana mmoja wa wale waliocheka, akakutumia ujumbe kwamba alicheka kwa kuwa hakujua la kufanya, na kwamba anajionea aibu. Mwezi mzima ulimnunia. Sasa mnapigiana simu kuhusu ndama, na kesho ndiye atakayekupokea kituoni na pikapu ya baba yake. Sikutarajia hilo. Nimekuwa nikilifikiria mchana wote huu, na linanipa moyo.

Kwa hiyo usiende umekunja ngumi. Wengi utakaowakuta ni watu wa kawaida walioona watu kama sisi kwenye televisheni tu. Watakushangaa nywele, watakuuliza unatoka wapi, ukijibu Rooty Hill, kwetu hapa, watauliza tena. Ukiwa na hamu, waeleze. Ukiwa umechoka, sema umechoka. Hukutumwa na Afrika nzima, umetumwa na mama yako umnunulie ile sabuni ya maziwa ya mbuzi anayosema inatengenezwa huko. Na yupo atakayekuumiza. Nikisema hayupo nitakuwa nakupa ripoti ya uongo, na nimeapa sitarudia. Utaingia chumba ambacho mwenye nacho atakutazama mikono. Ninachoweza kufanya ni kukuambia mapema, ili siku hiyo usijiulize una kasoro gani.

Sikukuuliza kama unaogopa. Wiki hii nimekuona ukisimama mlangoni mwa chumba chako ukiangalia kile kitanda, nikajifanya natafuta miwani.

Wao siwaogopi sana, mwanangu. Ninachoogopa ni Jumapili. Naogopa nikupigie, nikuulize habari, unijibu uko fine, na mimi nikate simu nimeridhika kama yule bwege aliyekuwa anakaanga vitunguu. Hicho ndicho kinachonikosesha raha. Masomo yakikushinda, nitaishi. Nimeshatangaza kanisani kwamba natoa daktari wa ng'ombe, kweli, na nikilazimika kutangaza tena kwamba amerudi nyumbani, nitasimama pale pale kwenye maikrofoni na kutangaza. Lakini ukae huko unaungua mwaka mzima, unaniambia umetulia, hilo sitaliweza.

Nekesa alipokuja kukuaga alinifurahisha. Amemaliza shahada, ana kazi ya ofisi, anatembea kama mtu aliyelipa kodi. Nilimsikia akikuambia jikoni, "Tafuta watu wawili tu. Wawili, usiwaongopee." Natumaini mimi ni mmojawapo. Kama sivyo, kama ni mama yako na Tess, nitanuna siku chache, halafu nitashukuru kwamba wapo.

Simu inalia. Ni mama yako. Mmemaliza, mko njiani, na anasema umependeza mpaka Mama Furaha amekupiga picha ya kumtumia dada yake Goma. Anasema nitoe nyama kwenye friji. Nilisahau, usiniseme.

Basi nifunge. Kesho kituoni kutakuwa na barakoa na mabegi na mama yako, sitaweza kuongea. Zamu yangu inaisha, na unajua siwezi kuondoka bila kutoa ripoti. Ipokee.

Baba Wakesho, mwanamume wa makamo, Rooty Hill. Chakula: chai na mkate, nusu ameuacha. Usingizi: mbaya wiki hii yote. Maumivu: yapo, upande wa kifua, anasema ni ya kawaida kwa wazazi. Leo mchana amelia kidogo akikunja ile skafu upya, kisha akacheka peke yake alipokumbuka yule ng'ombe. Ana furaha na binti yake kuliko anavyojua kusema. Ana matumaini makubwa.

Hajatulia.

Ukifika, niambie umesikia.

Baba yako